Kuvu Kichwani mwa Anaclet

Jumatatu, 6 Oktoba

Umeme hakuna tangu jana. Betri za jua zinatosha friji na mikroskopi tu. Feni nimeizima. Labo imekuwa tanuri.

Nimeotesha upya chachu, kuvu wa seli moja moja, niliyoikwangua kwenye magome ya mikaratusi, njia ya uwanja wa ndege. Imekubali. Kwenye sahani inaonekana kama matone ya maziwa mazito. Swali langu ni lile lile: seli ya kuvu mkali ukiitoa kwenye gome na kuitia kwenye joto la mwili wa mtu, inajivisha koti la ute. Nani anaipa amri? Aina hii ya kwangu ni mpole, haimdhuru mtu. Ndugu zake si wapole.

Safari ni Alhamisi ya wiki ijayo. Ndege ya Lubumbashi, halafu Ubelgiji. Chuo kimoja kule kinanitaka nikaongoze labo yao ya chachu, lakini wanataka kuniona uso kwa uso kwanza. Sanduku bado tupu.

Jioni nimepita mtaa wa Kataki kwa kaka Anaclet. Fundi wa treni mstaafu, mtu aliyejua kila bolti kati ya hapa na Kabalo. Ameniita kwa jina la marehemu mama yetu. Mara mbili. Nilikuwa Moba kukusanya magome, nimerudi nimemkuta hivi. Odette, mke wake, amenisindikiza mpaka mlangoni, akaniuliza ni nini. Nimemwambia ukweli: ni ugonjwa wa kusahau, niliusoma miaka mingi, hauna dawa, akili haitarudi. Odette hakulia. Alijifunga kitenge upya, akarudi ndani.

Nimetembea hadi nyumbani, sikupanda pikipiki. Miguu haikutaka kukaa.

Jumatano, 8 Oktoba

Sikufanya kazi ya maana. Nimefungua sahani, nimezifunga. Nimetoka nje, nimerudi.

Nafikiria ile miaka ya ubongo. Baada ya masomo ya Lubumbashi nilipata nafasi Ulaya, wakanitia kwenye labo iliyokuwa ikikata ubongo wa wazee waliokufa wamesahau hata majina ya watoto wao. Vipande vyembamba sana, unaviokota kwa brashi. Ndani yake madoa: protini zilizogandamana kama uji uliopoa. Kazi niliiweza. Sikuipenda. Kila kipande kilikuwa cha mtu ambaye tumeshamchelewa.

Kisha nikaona kwamba protini ile ile ukiitia ndani ya chachu inagandamana vile vile, na seli bado iko hai, unaitazama ikihangaika. Nikahama. Watu wa ubongo walisema nimekimbia. Watu wa kuvu walisema mimi mgeni, sijui hata kushika sahani. Wote walikuwa na haki kidogo. Baadaye nikaacha hata zile protini, nikabaki na kuvu wenyewe, ukuta wake, koti lake. Nikarudi Kalemie kutafuta chachu za porini. Sasa naondoka tena. Mama alisema nimezaliwa na siafu miguuni.

Na ugonjwa nilioukimbia umenitangulia nyumbani kwetu. Nina hasira. Sijui na nani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekula kwa Odette. Ugali wa bukari, sombe, dagaa wa ndagala. Anaclet hakula. Alifunika macho kwa kiganja, na tulikuwa ndani, dirisha limefungwa. Odette akamwekea chai. Kaka akanyoosha mkono, akashika hewa, kando ya kikombe. Akajaribu tena. Hewa.

Nikamuuliza anaona vikombe vingapi.

"Viwili," akasema kwa hasira. "Kwa nini muniwekee viwili?"

Ugonjwa wa kusahau niliousoma mimi hauanzi kwa kumpa mtu vikombe viwili. Wala hauji kwa wiki chache. Unakuja kwa miaka, taratibu, watu wa nyumbani hawajui hata ulianza lini. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote mji huu. Niliona kusahau, nikasema kusahau, nikaenda zangu.

Kuna kitu kinasukuma ndani ya kichwa kile.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda asubuhi kabla Odette hajatoka kwenda sokoni. Nimemuuliza maswali yote niliyopaswa kuuliza Jumatatu. Kichwa kilianza kuuma lini? Kabla ya kusahau. Anatapika? Ndiyo, asubuhi, tumbo tupu. Homa? Inakuja, inakwenda. Shingo? Inamuuma. Kiangazi kilipokuwa kinaisha alikuwa akifanya kazi gani?

Bustani ya mboga, kando ya mto Lukuga. Alikuwa akibeba mavi ya njiwa kutoka kwenye dari ya karakana ya zamani ya treni, anayatia kwenye matuta.

"Magunia kwa magunia, wifi," Odette akasema. "Alikuwa anarudi mweupe vumbi mpaka kwenye kope. Lakini mboga, zile lengalenga, zilitoka kubwa, eh!"

Nimekaa chini pale pale kizingitini. Mavi makavu ya njiwa njo nyumba ya kuvu mmoja, ndugu mkali wa chachu yangu. Unaingia kwa pumzi, unajificha mapafuni, kisha unapanda kwenye ubongo. Kwa wengi haufanyi kitu. Kwa wachache unaua. Najua ukuta wake, koti lake, namna unavyochipua. Nimeandika juu yake, nimesimama mbele ya watu nikaueleza. Sijawahi kuuona ndani ya mtu ninayemjua.

Labda nakosea tena. Natamani sana iwe kuvu, kwa sababu kuvu una dawa. Kutamani huko njo kunaniogopesha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Hospitali. Daktari Kabulo amenisikiliza akiwa amesimama, wagonjwa wamejaa mpaka nje. Bado kijana, makini, amechoka. Ugonjwa huo anaujua, lakini ameuona kwa watu wa ukimwi, na Anaclet alipimwa, hana. Malaria pia hana. Nikasema mara nyingine unamshika hata asiye na ukimwi, hasa mtu wa umri ule aliyevuta vumbi lile.

"Mama Profesa, weye ni daktari wa seli," akasema. "Mimi njo nitaingiza sindano kwenye mugongo ya muntu."

Kweli. Sijawahi kumtibu mtu. Na mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa hakuna hapa. Kutoboa bila picha kuna hatari yake, amenieleza bila kunificha. Mwisho amekubali: atatoa maji ya mgongo, mke akiruhusu. Tukiukuta kuvu, vidonge anavyo. Dawa kali ya mshipa hana. Iko Lubumbashi.

Nimetoka pale nakaribia kukimbia.

Jumanne, 14 Oktoba

Odette amekataa.

Dada yake alitobolewa mgongo Kongolo, akafa kesho yake. Nimemweleza kwamba dada alikuwa ameshafika mbali, kwamba sindano haikumuua. Nimechora ubongo kwenye mchanga wa uani, nimechora uti wa mgongo, maji yanavyozunguka. Ameutazama mchoro kwa adabu.

"Juma moja tu imepita," akasema. "Ulisimama hapa mulangoni ukaniambia hakuna dawa. Nikaanza kumulilia mume wangu kimya kimya. Sasa unaniambia iko dawa, lakini wamutoboe kwanza. Nikuamini wa siku gani, wifi?"

Nimefuta mchoro kwa mguu.

Nilimchukia njia nzima ya kurudi. Halafu nikajichukia. Sanduku limejaa nusu. Nimelitoa vitu, nimevirudisha.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo nimeuona.

Asubuhi Odette mwenyewe amefika labo kwa pikipiki, kichwa wazi, kiatu kimoja mkononi. Anaclet ameshikwa na degedege mbele ya majirani, mwili mzima ukirukaruka, povu. Majirani wamempeleka hospitali kwenye mkokoteni.

"Niambie kama sindano itamuua," akasema.

Nikamwambia sijui. Nikamwambia asipotobolewa atakufa, hilo najua.

Akavaa kile kiatu. "Basi twende. Lakini utaingia ndani pamoja naye. Utamushika."

Nimemshika. Kabulo amemlaza upande, magoti yamekunjwa mpaka tumboni, kama mtoto. Mimi usoni kwake, mikono yangu nyuma ya shingo yake. Alinuka matapishi na sabuni. Sindano ikaingia. Nilitegemea matone. Yalitoka yakiruka, mshipa wa maji safi kabisa, meupe kama ya chupa. Kabulo akaguna. Alikuwa anatazama ule msukumo, akayaacha yatoke taratibu mpaka yakapunguza nguvu. Na chini ya mikono yangu shingo ya kaka ikalegea. Akashusha pumzi ndefu sana.

Labo yangu iko nyuma ya hospitali. Nimebeba ile chupa ndogo kwa mikono miwili nikitembea kama bibi harusi. Tone la maji, tone la wino mweusi, kioo juu. Kwanza giza tupu. Nikazungusha kirungu cha mikroskopi. Halafu zikatokea, seli za mviringo, kila moja katikati ya duara jeupe, wino umesukumwa pembeni na koti. Koti nene. Moja ilikuwa inachipua, mtoto bado ameshikamana na mama.

Nilipiga kelele. Furaha. Furaha mbaya, kwa sababu vitu vile vilikuwa vinamla ndugu yangu, na mimi nacheka peke yangu kwenye kiti.

Kabulo amekuja kutazama. Amekwenda moja kwa moja kufungua sanduku la vidonge.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ndege. Nimepanda na sanduku langu, tiketi yangu, mpango wangu wote. Mpango mpya: ndege ya Ulaya ni Jumamosi, leo na kesho natafuta dawa, naipa mtu wa kuirudisha Kalemie, naendelea.

Kabla ya kuondoka nimepita wodini. Anaclet hakunijua. Odette hakuniuliza narudi lini.

Dirishani ziwa, kisha vilima, kisha mawingu. Sikuweza kusoma.

Ijumaa, 17 Oktoba

Lubumbashi. Jua kali, vumbi jekundu, magari. Duka la dawa la kwanza hakuna. La pili walitaka kuniuzia kitu kingine kinachofanana jina. Hospitali moja kubwa, mfamasia mwanamke, mpole, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akampigia Kabulo simu kuhakikisha. Anayo. Ikae kwenye baridi wakati wote, akasema, na isiguse jua. Amenifungia chupa ndani ya glasiyeri, kisanduku cha kutunza baridi, pamoja na barafu.

Mtu wa kuibeba nimempata pia. Mtawa anayerudi Kalemie Jumapili. Amekubali kwa moyo mweupe.

Kila kitu kimekaa sawa. Mbona situlii? Nimezunguka chumba cha wageni mpaka jirani amegonga ukuta.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sikupanda.

Nilifika kwa mtawa asubuhi na glasiyeri. Nikamweleza: barafu ibadilishwe jioni, usiifungue ovyo, uwanjani usiiache juani, ndege ikichelewa tafuta friji. Alikuwa akiitikia kila neno. Mama mzee, ana mizigo yake, ana safari yake. Nikaiona kichwani mwangu glasiyeri juu ya lami ya uwanja, ndege imechelewa, mtawa amekwenda kuuliza habari. Nikaona Odette akisubiri.

Nikamwomba radhi. Nikarudi nayo.

Nimewaandikia Ubelgiji: siji wiki hii, kaka yangu ni mgonjwa. Wamejibu saa hiyo hiyo, kwa heshima. Naijua heshima ile. Niliishi nayo.

Sijuti. Uongo. Najuta, na ningerudia tena vile vile.

Jumapili, 19 Oktoba

Kalemie. Glasiyeri nimeiweka mapajani njia nzima, hata mhudumu wa ndege aliposema iende nyuma. Barafu ilikuwa bado ipo.

Kabulo ameanza dawa mchana. Kwanza maji mengi ya chumvi mshipani, kisha dawa yenyewe, taratibu, chupa imefunikwa isipate mwanga. Haukupita muda Anaclet akaanza kutetemeka, meno yanagongana, kitanda kinalia. Odette amenitazama kana kwamba nimeleta sumu. Sumu kidogo ni kweli. Inatoboa utando wa seli ya kuvu, lakini na mwili unaijua.

Odette aliponiona na sanduku langu hakusema asante. Alisogea kwenye mkeka, nikakaa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mbaya. Mkojo umepungua, figo zinalalamika. Kabulo anataka kusimamisha dawa ya mshipa kwa muda. Mimi nataka aendelee. Tumegombana ukumbini mbele ya watu. Nimemwambia kuvu haupumziki. Nimemwambia najua seli ile inavyojijenga upya ukiipa nafasi.

"Nami najua huyu," akasema, akaonyesha kitanda. "Ana figo. Seli zako hazina."

Amesimamisha. Amemwongezea maji. Ametoboa mgongo tena kupunguza msukumo, yametoka kwa nguvu bado. Vidonge vinaendelea.

Nimerudi labo nikaosha kila chupa iliyokuwepo. Nikaosha na zile safi. Naogopa. Naogopa kwamba yeye ana haki, naogopa kwamba mimi nina haki.

Jumapili, 26 Oktoba

Mkojo umerudi. Kabulo alikuwa na haki. Nimemwambia, mbele ya watu vile vile. Amecheka, mara ya kwanza nimeona meno yake. Dawa imeanza tena, kipimo kidogo.

Odette ameniletea chakula labo. Samaki, mugebuka wa kukaanga, na ndizi. Tumekula tumesimama, dirishani. Akataka kuona. Nikamwekea kile kioo cha kwanza, nimekihifadhi. Aliinama muda mrefu.

"Na hiki kidogo hivi," akasema. Halafu, "Kinapendeza." Akashtuka kwa neno lake mwenyewe, akaziba mdomo.

Nami nilifikiri hivyo hivyo miaka yote. Sikuwahi kumwambia mtu.

Jumapili, 2 Novemba

Anaclet amezungumza. Kuzungumza kwenyewe.

Nilikuwa namlisha uji. Akaniita jina langu. Akauliza kama mvua imeanza, kama mtu amenyweshea bustani. Jicho la kushoto haoni vizuri, kama kupitia moshi, lakini kikombe ni kimoja. Odette alikuwa mlangoni na beseni. Alilitua polepole sana.

Baadaye, Odette ametoka, akasema: "Siku ile mulangoni nilikuwa nasikia."

Kijiko kilisimama.

"Ulimwambia akili haitarudi. Nilitaka kukujibu. Maneno yalikuwa yanapita mbali, siyafikii. Nikasema basi, Georgette amesoma, anajua."

Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia nilikuwa nimeiona sura ya ugonjwa ule mara nyingi hata nikaacha kumtazama yeye. Nililia, kijiko mkononi, uji unamwagika kwenye shuka.

Alisubiri nimalize. "Uji huu hauna sukari," akasema.

Jumanne, 11 Novemba

Ubelgiji wameandika. Nafasi amepewa mtu mwingine. Namfahamu, ni mzuri, atafanya vizuri. Nimesoma nimesimama, nimekwenda kufagia.

Kuvu wa kaka umeota kwenye sahani yangu, iliyofungwa vizuri, na mimi nimevaa barakoa. Matone ya maziwa. Nimeutia kwenye joto la mwili, umejivisha koti. Chachu ya mikaratusi, pembeni yake, joto hilo hilo, imebaki uchi. Ndugu wawili, amri moja, mmoja anaitii, mwingine hapana. Nimewakodolea macho asubuhi nzima. Sasa najua pa kuanzia. Hata vifaa nilivyo navyo hapa vinatosha kwa hatua ya kwanza.

Mchana mimi na Kabulo tumekwenda kwenye karakana ya zamani. Dari imejaa njiwa. Wanaume wawili walikuwa wanajaza magunia, vumbi linaning'inia kwenye mwanga. Kabulo amewaeleza: mwagieni maji kwanza, fungeni pua na mdomo, wenye ukimwi wasikaribie kabisa. Mmoja alicheka, akasema baba yake alifanya kazi hii mpaka uzee. Mwingine alivua shati, akalifunga usoni. Kazi ya miezi hiyo. Tutarudi.

Ijumaa, 21 Novemba

Anaclet ametoka hospitali. Vidonge ataendelea navyo muda mrefu. Ameingia nyumbani kwa miguu yake, Odette upande mmoja, mimi mwingine. Mjukuu wa jirani amemkimbia, hakumjua, amekonda. Hilo limemuumiza. Ameketi akitazama mlango mpaka chakula.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua jana, leo mbingu safi. Baada ya misa Anaclet ametaka kufika ziwani. Tumetembea taratibu. Wanawake walikuwa wanaanika ndagala, harufu imejaa njia yote. Boti ya Moba ilikuwa inashusha magunia ya mahindi. Aliniuliza imeandikwa nini ubavuni, hakuweza kusoma. Nikamsomea.

Akachoka. Tukakaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa. Alieleza jambo fulani la injini ya zamani, namna ilivyokuwa ikigoma mvua ikinyesha, akalipoteza katikati, akalipata, akaliendeleza. Halafu akasinzia, kichwa kwenye bega langu, mdomo wazi.

Bega likafa ganzi. Sikulisogeza.